Kabla ya Kwenda Misri

Ewe kijana unayekusudia kwenda Cairo kutafuta elimu katika Azhar, msikiti uliofunguliwa mwaka 972, ijue nchi kabla hujaikanyaga. Kiarabu ulichosoma chuoni kitakufaa darasani. Sokoni utasikia kingine. Watu wa Cairo husema "gamil" badala ya "jamil", na "alb" badala ya "qalb". Usidhani wamekosea, wala usiwacheke. Ndiyo lugha yao ya nyumbani. Jifunze mapema maneno ya kununulia mkate na kuulizia njia. Chukua na nguo nzito, kwani usiku wa Januari una baridi asiyoizoea mtu wa pwani. Nanyi wazazi, msitayarishe nauli peke yake: mgeni asiyeweza kusema na jirani yake hushikwa na upweke, na upweke huharibu masomo.