Maana ya Neno Moja la Kiingereza

Msomaji wangu, pengine umepata kuona kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani ya suruali ya sare, kimeandikwa hard-wearing. Maneno mawili yamefungwa kwa kistari. Ukiyafasiri moja moja, utapata nguo ngumu kuvaa, kinyume kabisa cha sifa aliyoikusudia mwenye duka.

Siri imo katika neno la pili. Tangu kale kitenzi wear kilikuwa na maana ya kuvaa. Kisha, kwa kuwa nguo ivaliwayo kila siku huchakaa, kikapata na maana ya kuchakaa. Basi neno hili husifu kitu kinachostahimili msuguano: kaki, zulia, soli ya kiatu, sakafu ya darasa. Halisemwi juu ya amani wala urafiki; hivyo vina neno lao, long-lasting, litazamalo urefu wa muda tu. Tena, jihadhari usiandike hardly badala ya hard, maana hardly hukaribia kukanusha, na sifa yote itageuka kuwa kejeli.

Je, tulifasiri vipi? Mimi siridhiki na jibu la haraka la “imara”. Ngome ni imara, lakini nani aliyepata kuivaa? Pale Mwingereza atumiapo kivumishi, Kiswahili mara nyingi hutumia kitenzi, nacho hubadilika kwa kitu kinachosemwa: nguo huchakaa, rangi yake huchujuka, kisigino hulika upande, kisu hulika kwa kunolewa. Kwa hiyo tutasema nguo isiyochakaa upesi, lakini soli isiyolika upesi.

Mama yangu hakujua Kiingereza. Aliponinunulia kaptura ya shule alikisugua kitambaa kwa vidole viwili, akamwuliza mwenye duka, “Hii itamfikisha mwisho wa mwaka?” Fedha ya kaptura ya pili haikuwapo, na swali lake lilibeba maana yote ya neno lile.

Wazee wa pwani nao walikuwa na njia yao. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Wanunuzi wakakipenda kwa ugumu wake, wakakiita merikani. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha namna ileile, nacho pia kikaitwa merikani.