Chuma Chakavu, Mbao Kuukuu na Kazi ya Maisha

Chuma chakavu huuzwa kwa kilo. Springi ya lori, nondo iliyopinda, sufuria iliyotoboka na mnyororo wa baiskeli hupandishwa pamoja kwenye mizani, na aliyevileta hulipwa uzito wake. Kazi ya fundi wa sanamu na samani huanzia hapo: kutenganisha kilichochanganywa na kutambua kila kipande kilitoka wapi na kilibeba mzigo gani. Fundi anayeelezwa hapa, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, ameishi kwa kazi hiyo jijini Nairobi tangu ujana wake, na hakuna hatua anayoipenda kuliko hii ya kuchagua.

Alijifunzia Kamukunji, ambako mabati na mapipa hugeuzwa masanduku, majiko na makarai. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliwafungua macho wachumi kuhusu sekta isiyo rasmi, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, waitwao wa jua kali, na kuagiza wajengewe vibanda. Mwanagenzi hakupewa mashine. Alipewa nyundo, kipande cha reli cha kutumia kama fuawe, na pipa la lita 200 lililokatwa vifuniko na kupasuliwa ubavuni, anyooshe bati lake mpaka lilale. Anayenyoosha bati kwa muda mrefu husikia kwa sauti ya nyundo mahali ambapo bado limevimba. Elimu hiyo ilimfaa baadaye alipohamia kwenye kuchomelea.

Kuchomelea vyuma vya asili tofauti ndiko kunakotaka maarifa. Chuma hakina jina kikishafika kwenye rundo, kwa hiyo hutambuliwa kwa cheche za grainda. Nondo ya kawaida na bati la chuma laini hutoa cheche ndefu za manjano zenye matawi machache. Springi ya lori hutoa cheche zinazopasukapasuka na kutawanyika, kwa sababu kaboni yake ni takriban asilimia 0.6, kama mara tatu ya ile ya chuma laini. Chuma cha kusubu, kwa mfano bloku ya injini kuukuu, hutoa cheche fupi, nyekundu, zinazokufa karibu na jiwe. Tofauti hizi huamua uhai wa samani. Springi ikichomelewa baridi na kuachwa ipoe upesi, sehemu iliyo kando ya mshono huwa ngumu na dhaifu kama kigae. Kiti huonekana kizima jioni, kisha siku mtu mzito akikikalia mguu hukatika pembeni mwa mshono, wala si kwenye mshono wenyewe. Ndiyo maana springi hupashwa moto kwanza juu ya makaa, ikachomelewa kwa elektrodi zilizokaushwa, halafu ikafukiwa kwenye majivu hadi kesho yake. Vyuma vilivyopakwa zinki huparwa kabla ya kuguswa na moto, maana moshi wake huleta homa. Pipa lililowahi kuwa na mafuta halikatwi kwa moto kabisa mpaka lioshwe vizuri: mvuke uliobaki ndani hulipuka, na mafundi wamekufa hivyo.

Mbao nazo zina historia ya kusomwa. Serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya mbao ilipanda na wengi wakazikimbilia paleti za mizigo. Paleti ya biashara ya kimataifa hupigwa mhuri: HT ni mbao iliyopashwa joto mpaka nyuzi 56 kwa dakika 30, MB ni mbao iliyofukizwa kwa dawa ya methili bromaidi. Ya pili haiingii katika meza ya kulia chakula. Hazina kubwa zaidi, kwa maoni ya fundi huyu, ni nguzo za mwerezi kutoka nyua za mashamba ya nyanda za juu. Nje huwa za kijivu na zimepasuka. Randa ikipita mara chache tu, wekundu hujitokeza na harufu hujaa karakana. Mchwa hawaupendi mti huo, ndiyo sababu nguzo zilisimama ardhini miaka mingi. Misumari huondolewa yote kabla ya msumeno, na sumaku hupitishwa juu ya ubao ili kunasa iliyofichwa na kutu.

Mbao na chuma havitembei pamoja. Wakati wa mvua ubao hupanuka upande wa upana na kiangazi husinyaa, fremu ya chuma ikabaki ilivyo. Uso wa meza uliokazwa pande zote hupasuka katikati. Matundu ya boliti kwenye fremu hutobolewa marefu kidogo, yakifuata upana wa ubao, ili ubao uteleze bila kulegea.

Katika sanamu, Kioko Mwitiki ndiye aliyewaonyesha Wakenya wengi kwamba skrapu inaweza kuwa tembo mwenye uzito wa heshima. Fundi huyu aliwachagua marabu, ndege wanaotua kwenye miti ya barabara za Nairobi. Kiunzi hujengwa kwa nondo, goti huwa beringi, shingo ni mnyororo uliochomelewa pingili kwa pingili, mdomo ni sahani mbili za springi, ambazo mpindo wake umekuja tayari kutoka kwenye lori. Rangi haipakwi. Vipande huachwa vijulikane, kwa kuwa sanamu inayoficha beringi chini ya rangi ingeweza kutengenezwa kwa chuma kipya bila hasara yoyote. Kutu iliyolegea husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hupakwa mafuta ya kitani yakiwa ya moto. Inayokaa nje hupakwa tena kabla ya kila masika.

Biashara ya skrapu nchini Kenya inaongozwa na sheria ya mwaka 2015 inayotaka wafanyabiashara wawe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara hiyo yote hadi mwezi Mei. Karakana iliendelea kwa akiba iliyokuwapo, na kazi za mbao zikachukua nafasi kubwa. Tangu wakati huo fundi hununua kwa risiti. Nyaya za shaba na vyuma vya pembe vyenye zinki, aina ya vile vya minara, havipokei hata vikiletwa kwa bei ya kutupa.