Mwenye panga la mwanga na bibi mwenye macho mekundu

Sisi wa Nyarero hatuna haja ya kufundishwa habari za wachawi wala za walinzi. Tumekulia katikati yao. Ndiyo maana mpwa wangu aliponionyesha The Acolyte, ile tamthilia ya mwaka 2024 ya ukoo wa Star Wars, niliielewa upesi kuliko yeye.

Hadithi yenyewe ni hivi. Wapo Jedi, watawa wapiganaji wenye mapanga ya mwanga, walinzi wa amani huko kwenye nyota. Wanne wao wanafika sayari ya Brendok, wanakuta kina mama wanaishi peke yao mlimani na mabinti wawili mapacha, Osha na Mae. Wachawi hao! Jedi wanashuku watoto wana hatari, wanaingia bila ruhusa. Mkuu wa kina mama, Aniseya, anaanza kugeuka kama moshi. Jedi mmoja, Sol, anaingiwa na hofu, anamchoma. Kumbe mama wa watu alikuwa ameshakubali Osha aende nao! Kina mama wakaisha wote, na Jedi wakafunga midomo miaka 16.

"Mjomba, wachawi kwisha!" mpwa wangu akashangilia. Mimi kicheko kikakauka.

Msomaji wangu, unawakumbuka sungusungu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wezi wa ng'ombe walishika pinde na mishale. Wizi ukapungua, watu wakapumua. Lakini hawakuishia kwa wezi, wakageukia na wachawi. Wapo waliofukuzwa vijijini, wapo waliouawa. Mwaka 1989 sheria ikawatambua sungusungu. Kwetu Tarime nako wakaingia, maana ng'ombe wetu walikuwa hawalali zizini.

Huko Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho ya moshi wa jikoni, jamani!

Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo macho hayo. Kapuliza kuni mbichi maisha yake yote, yataachaje kuiva? Jirani mmoja alipofiwa na mtoto, maneno yakaanza. Bibi akaacha kwenda kisimani. Siku moja akaniambia: "Mjukuu wangu, mwizi akikamatwa huonyeshwa ng'ombe. Mimi watanionyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Na sisi Wakurya tunayo inchama, baraza la siri la wazee, ambalo laana yake inatetemesha wanaume wazima. Mzee akifanya mambo yake gizani, hiyo ni mila. Bibi akichimba mizizi peke yake, huo ni uchawi. Kwenye tamthilia ni yale yale: Jedi wanaiita Nguvu, kina mama wanaiita Uzi, na kitu chenyewe ni kimoja. Tofauti ni nani ameshika panga.

Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na humo kumsingizia mtu uchawi nako ni kosa. Wangapi wanalijua hilo?

Wezi tuwakamate, sikatai. Lakini ukimwendea mtu na panga, liwe la chuma au la mwanga, kwanza piga hodi. Halafu mwonyeshe ng'ombe.