Mama Alituona Hatuna Adabu

Mama yetu ana magoti mabovu. Amelima na kubeba ndoo za maji tangu usichana wake, na siku hizi akitaka kuinuka kwenye kigoda ni lazima ashike ukuta. Aliposikia kwamba jirani yake amepata nafuu kwa tiba ya sindano za Kichina, yaani akupancha, sisi mabinti zake watatu tulichangishana fedha tukampeleka.

Kilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya soko, chenye bango kubwa mlangoni. Mtabibu alikuwa mpole. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti. Lakini tulipokuwa tukingoja, tuliona sindano alizozitoa mgongoni mwa mama mwingine zikirudi kwenye bakuli la spiriti. Kisha akanyoosha mkono kuzichukua zile zile kwa ajili ya mama yetu!

Tuliomba radhi, tukauliza kama ana mpya. Akacheka, akasema spiriti inaua kila kitu. Tulipoomba kuona cheti chake, alituonyesha leseni ya biashara. Tukamwinua mama, tukaondoka.

Njiani mama alinuna. "Mmeniaibisha," alisema. "Mtu anataka kunisaidia, nanyi mnamhoji kama polisi."

Maneno hayo yalituchoma. Hata hivyo, akina mama wenzetu, tusingeweza kunyamaza. Kulowekwa tu kwenye spiriti hakuifanyi sindano iliyotumika kuwa salama. Yaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Na mkono usiofundishwa, ukichoma kifuani au mgongoni kwa kina, waweza kutoboa pafu.

Tunaelewa kwa nini wazee wetu huamini upesi. Madaktari kutoka China walianza kufanya kazi Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968, na wengi walitibiwa nao vizuri. Lakini jina la China kwenye bango si elimu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba asiye daktari asome tiba hii kwa saa 2,500, na kati ya hizo zisizopungua 1,000 ziwe za vitendo. Huo si ujuzi wa semina ya mwisho wa juma. Nayo sheria yetu ya mwaka 2002 inataka watoa tiba mbadala wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Basi safari ya pili tuliuliza kwanza. Amesomea wapi, na kwa muda gani? Amesajiliwa? Sindano zake ni za kutumika mara moja, na atafungua pakiti mbele yetu? Mtabibu wa pili hakukasirika. Cheti kilikuwa ukutani, na namba yake tuliihakikisha kwa Baraza. Yeye naye alimuuliza mama maswali mengi: presha, sukari, dawa anazomeza, hasa za kuzuia damu isigande. Hakumwambia aache hospitali. Wala hakuahidi kuponya. Alisema maumivu huenda yakapungua, na yasipopungua baada ya majuma machache atamwambia asipoteze fedha zake.

Mama alikwenda mara sita. Magoti hayajawa mapya, lakini sasa anainuka bila kushika ukuta siku nyingi kuliko zamani, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Siku ya mwisho tulimsikia akimwambia mtabibu, "Mwanangu, hebu nione pakiti kwanza." Hatukusema neno, tulitazamana tu.

Dada mpendwa, kuuliza si utovu wa adabu. Mtabibu aliyesoma hafichi cheti chake, na anayekasirishwa na swali lako amekwisha kukujibu. Chukua mkoba wako, umshike mama mkono, mwende zenu.