Uvira-Rugenge: Satelaiti inapita juu, shida inabaki chini

Vita ilipofika mjini Uvira mwezi Desemba 2025, maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Burundi. Familia ziligawanyika: baba amebaki Rugenge, mama na watoto wako ng'ambo. Kati yao kuna simu tu. Na simu nayo hunyamaza pale mnara unapokosa umeme au waya za mtandao zinapokatika. Ndiyo maana watu wengi sasa wanazungumzia intaneti ya satelaiti, ile ya Starlink. Inafaa kuifahamu vizuri.

Ndugu msikilizaji, satelaiti za televisheni tulizozoea ziko mbali, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Zinazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo sahani ikishaelekezwa haiguswi tena. Lakini umbali huo una bei yake. Swali lipande, lishuke, kisha jibu lirudi njia hiyo hiyo: nusu sekunde imekwisha. Kwenye simu, wawili hukatana maneno.

Satelaiti za Starlink, ambazo kundi lake la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, ziko karibu kilomita 550 tu. Kutoka Uvira hadi Mpulungu, kule Zambia ziwa linakoishia, ni mbali zaidi ya hapo. Kwa kuwa ziko karibu, jibu hurudi haraka na mazungumzo yanaenda vizuri.

Ila kitu kilicho chini hivyo hakiwezi kusimama. Satelaiti hiyo inakimbia kilomita 27,000 hivi kwa saa na kuizunguka dunia kwa dakika 95. Juu ya Rugenge inaonekana dakika chache tu, kisha inaiachia nyingine kazi. Ndiyo sababu zinahitajika maelfu. Za kwanza zilikuwa na uzito wa kilo 227 hivi kila moja, zikiwa na bamba la jua na injini ndogo ya umeme ya kuzishikilia juu. Zimetengenezwa kufanya kazi miaka mitano hivi, halafu hushushwa ziungue angani.

Sasa tuje chini. Kwa huduma ya kawaida ya intaneti ya Starlink, simu haizungumzi na satelaiti hizo moja kwa moja. Lazima antena iwekwe mahali penye anga wazi, kisha igawe mtandao kwa Wi-Fi. Milima ya Mitumba si kizuizi kikubwa kama mwembe uliotanda juu ya paa. Antena ya kawaida inakula wati 50 hadi 100, na bamba dogo la kushariji simu haliiwezi. Umeme ukikatika na betri ikaisha, satelaiti itapita juu bure.

Kuna pia sheria. Machi 2024 mamlaka ya ARPTC ilikataza Starlink nchini Kongo kwa sababu haikuwa na ruhusa. Mei 2025 ikaipatia leseni. Lakini leseni haimnunulii mhami antena. Mahali penye antena moja, mwenye betri ndiye anayeamua nani apate habari za watoto wake leo na nani asubiri kesho.

Kwa hiyo, familia zilizotengana zisiweke matumaini yote angani. Andikeni namba za ndugu kwenye karatasi, maana simu inaweza kuibwa au kuzimika. Pataneni saa moja ya kutafutana kila siku, ili betri isiishe kwa kungoja. Na kama mtandao ni dhaifu, tumeni ujumbe mfupi wa maandishi: "Tuko wazima, tuko mahali fulani." Mtu asipopatikana, simu uliyopiga imepotea, ujumbe wa maandishi kwa kawaida utamngojea mpaka awashe simu yake.