Mwani wa Timboroa, Mbali na Bahari

Ukisafiri kutoka Eldoret kwenda Nakuru, usiwe na haraka ya kusinzia baada ya kupita Burnt Forest. Barabara inapanda, vioo vinaingia ukungu, na abiria mmoja baada ya mwingine anaanza kufunga vifungo vya koti. Hapo jua kwamba Timboroa imekaribia. Kituo chake cha reli kiko karibu mita 2,740 juu ya usawa wa bahari. Ikweta nayo haiko mbali, ingawa baridi ya asubuhi itakufanya uvitilie shaka vitabu vya jiografia.

Nikikuambia kwamba nataka kukuonyesha mwani huku, bila shaka utacheka. Mwani ni wa Pwani, utasema, yale majani yanayobaki ufuoni maji yanapokupwa. Lakini hebu simama nami kando ya birika la kunyweshea ng'ombe. Utando ule wa kijani unaoteleza ukiugusa ni mwani pia. Tazama na miti ya msituni: yale manyoya ya kijivu yanayoning'inia kama ndevu za mzee ni kuvu na mwani vilivyoamua kukaa nyumba moja. Kuvu hujenga na kuhifadhi maji. Mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Ndevu hizo huchukia hewa chafu, kwa hivyo usizitafute katikati ya Nairobi.

Mwani hauna mizizi ya kweli, wala shina, wala ua. Baharini upo wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Mwekundu huweza kuishi kilindini kwa sababu rangi yake hunasa mwanga wa buluu, ambao hupenya maji kuliko mwingine. Katika bahari baridi ya California uko wa kahawia unaofikia mita 45, na ukistawi hurefuka nusu mita kwa siku. Hata hivyo, wenye kazi kubwa ni ule usioonekana bila hadubini. Karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani kwa nguvu za jua hutoka kwa viumbe hao wadogo wa baharini.

Wengine, waitwao diatomu, hujivika gamba la kioo. Ukifika Kariandusi, karibu na Gilgil, utaona udongo mweupe, mwepesi ajabu. Ni magamba ya diatomu walioishi katika ziwa la kale. Nao akina mama wa Kibuyuni, Kwale, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba baharini, kama wenzao wa Zanzibar walivyoanza mwaka 1989. Gundi yake huingia katika dawa ya meno na aiskrimu, kwa hivyo huenda watoto wako wameshaula bila kujua.

Tuzungumze sasa juu ya viazi. Timboroa ni viazi, kabeji na karoti, na mashamba yameparamia miteremko. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara alinionyesha shamba lake kwa kidole. "Mwanangu, nanunua mbolea kwa pesa nyingi, halafu mvua inaibeba," alilalamika. Nilimwuliza inaipeleka wapi. Akacheka. "Kwa wenye ziwa."

Hakukosea. Timboroa iko mgongoni mwa nchi: maji ya mashariki hushukia Bonde la Ufa, ya magharibi huelekea Ziwa Victoria. Mbolea inayofika ziwani, pamoja na maji machafu ya miji, hulisha mwani wa kijani-samawati, ambao wataalamu huuweka katika kundi la bakteria. Ukizidi, maji ya ghuba ya Winam hugeuka kama supu ya mchicha. Aina nyingine hutoa sumu, na unapooza hunyonya oksijeni hadi samaki wakakosa pumzi. Ajabu ni kwamba jamaa yake wa Ziwa Bogoria ndiye chakula cha heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao watalii huvuka bahari kuwatazama.

Nilinunua debe moja. Mama akafunika viazi vilivyobaki kwa karatasi ya plastiki, maana mvua ilikuwa imeanza. Matatu ya Eldoret ilipofika, mtaro wa kando ya shamba lake ulikuwa umejaa maji mekundu, nayo yalikuwa yakishuka kwa kasi.