Wali kwa viazi? Usicheke kwanza!

Msomaji, hebu tuambizane ukweli. Umtembelee rafiki yako mchana, akuwekee sahani ya wali na pembeni kibakuli cha viazi mviringo. Nyama hakuna, hata dagaa hakuna. Mdomoni utasema ahsante, moyoni utasema jamaa kachacha. Wanga kwa wanga! Kijiweni habari itafika kabla yako.

Basi mimi nimekula chakula hicho mwaka mzima, tena Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Sikukonda wala sikuona haya.

Nilikwenda kule kusoma. Nilipanga chumba cha aina wanayoiita goshiwon: kitanda, meza, na ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Vilianza kama vyumba vya watu waliojifungia kusomea mitihani mikubwa ya serikali. Siku hizi anakaa yeyote ambaye mfuko wake haujatuna. Raha yake ni jikoni. Pale kwetu wali ulikuwa bure, na kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, nayo bure. Kitoweo kingine utajijua mwenyewe.

Sasa posho yangu ya masomo ilikuwa na wenyewe. Mzee alikuwa amepunguzwa kazini, na kodi ya nyumba Tabata ikawa inanitazama mimi. Kula hotelini kila siku kungekuwa sawa na kumtoa mama yangu nje na vyombo vyake.

Aliyeniokoa ni mama msimamizi wa vile vyumba. Tulimwita imo, yaani dada wa mama. Vijana wa kule huwaita hivyo hata mama ntilie wao. Jumapili moja akaniita jikoni, akanionyesha gamja jorim. Gamja ni viazi. Jorim ni chakula kilichochemshwa katika mchuzi mpaka ukakauka na kukishika.

Haya, chukua kalamu. Menya nusu kilo ya viazi, kata vipande vya ukubwa wa kuingia mdomoni mara moja. Viloweke kwenye maji dakika 10 ule unga wake utoke, visije vikagandana. Vichuje, vikaange kwa kijiko kikubwa cha mafuta mpaka kingo zianze kung'aa. Tia kikombe kimoja cha maji, vijiko vitatu vikubwa vya sosi ya soya, kimoja cha sukari na punje mbili za kitunguu saumu kilichopondwa. Chumvi usiguse, sosi inayo ya kutosha. Acha vichemke kwa moto wa kati kama dakika 12. Mchuzi ukibaki kidogo ongeza moto, tia kijiko cha asali, geuza taratibu mpaka viazi ving'ae kama viatu vya bwana harusi. Epua, nyunyizia ufuta uliokaangwa. Imo alimalizia kwa matone ya mafuta ya ufuta.

Hakikisha vinabaki vingine, maana kesho yake, vikiwa baridi, ndiyo vitamu zaidi. Kwenye friji vinakaa siku tatu.

Wakorea vitoweo vya namna hii huviita banchan. Vinakuja katika vibakuli vidogo vidogo, na hotelini kwao mara nyingi huvilipii, ukimaliza unaongezewa. Kwetu kitoweo kikiwa kidogo ni aibu. Kwao udogo wa kibakuli hausemi lolote kuhusu mfuko wa mwenye nyumba.

Vita ilikuwa kwa mama. Akauliza kwenye simu, "Mwanangu, unakula nini huko?" Nikajibu, wali na viazi. Kimya. Halafu akasema polepole, "Mwezi huu usitume kitu. Kula kwanza."

Loh! Mwenye nyumba wa Tabata hana huruma ya namna hiyo. Ikabidi nimsomee mama mapishi yote, hatua kwa hatua, mpaka salio likaniangalia vibaya. Nikamwambia, mama, pika wewe, ule, halafu uniambie kama mwanao ana njaa.

Akapika. Viazi vya Njombe, sosi ya soya ya dukani, ufuta wa Lindi. Keshokutwa yake akapiga mwenyewe. "Baba yako kauliza nyama iko wapi," akasema. "Lakini bakuli kalimaliza." Kodi ile akaipokea, na miezi iliyofuata hakuniuliza tena kama nimeshiba. Aliuliza kama kuna kibakuli kingine cha kumfundisha.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyepanga chumba kimoja na jiko la mchina, mshahara ukikata tarehe 20 usikimbilie kukopa hela ya kuku. Kilo ya viazi unaimudu. Pika Jumapili, funika vizuri, na mgeni akija mkaribishe bila kuomba radhi.